Georg Simon Ohm

Georg Simon Ohm alizaliwa tarehe 16 Machi, 1789, katika mji wa Erlangen, katika nchi ambayo siku hizi yaitwa Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi wa makufuli. Mzee huyo hakupata elimu ya chuo, lakini alijifundisha mwenyewe hesabu na sayansi, kisha akawafundisha wanawe nyumbani. Mama yao alifariki Georg alipokuwa na umri wa miaka kumi.

Mwaka 1805 Georg aliingia Chuo Kikuu cha Erlangen. Huko alipenda mno kucheza dansi na kuteleza juu ya barafu. Baba yake alikasirika kuona mwanawe anachezea nafasi ambayo yeye mwenyewe hakuipata. Akamtoa chuoni, na kijana akapelekwa Uswisi, ambako alifundisha hesabu. Hata hivyo hakuacha kusoma, na mwaka 1811 alipata shahada ya udaktari huko Erlangen.

Mwaka 1817 Ohm alianza kufundisha hesabu na fizikia katika shule moja ya mji wa Cologne. Shule hiyo ilikuwa na chumba kizuri cha majaribio, naye akakitumia kuchunguza umeme. Wakati ule betri zilikwisha kujulikana tangu mwaka 1800. Watu walijua kwamba betri husukuma mkondo wa umeme katika waya, na kwamba waya mrefu hupitisha mkondo mdogo kuliko waya mfupi. Lakini mkondo hupungua kwa kiasi gani? Hapana aliyeweza kujibu kwa hesabu.

Kupima mkondo hakukuwa kazi nyepesi, maana mita za umeme tulizo nazo leo hazikuwapo. Ohm alitundika sindano ya sumaku juu ya waya. Mkondo ulipopita, sindano iligeuka. Mkondo ulipokuwa mkubwa, iligeuka zaidi. Vyombo vingi alivitengeneza kwa mikono yake, kama mwana wa fundi.

Shida kubwa ilikuwa betri yenyewe. Msukumo wake haukutulia: mara ulipanda, mara ulishuka. Kwa sababu hiyo kanuni ya kwanza aliyoitangaza mwaka 1825 haikuwa sahihi. Ndipo Johann Poggendorff, mhariri wa jarida la fizikia, alipomshauri aiache betri na kutumia joto. Ohm akaunganisha shaba na madini yaitwayo bismathi. Kiungo kimoja alikitia joto la maji yanayochemka, na kingine alikiweka katika baridi ya barafu. Tofauti hiyo ya joto hufanya umeme upite. Msukumo wake ni mdogo sana, lakini haubadiliki, nalo ndilo jambo alilolihitaji.

Sasa akachukua nyaya nane za shaba zenye unene mmoja. Ule mfupi kabisa ulikuwa na urefu wa inchi 2, na ule mrefu kabisa inchi 130. Akazipima moja baada ya moja, akarudia tena na tena. Hesabu zikakubaliana. Aliona kwamba kila waya huuzuia mkondo kwa kiasi chake. Kizuizi hicho twakiita ukinzani. Waya ukirefushwa mara mbili, ukinzani wake nao huwa mara mbili. Msukumo ukiongezwa mara mbili katika waya uleule, usiobadilika joto, mkondo nao huongezeka mara mbili.

Mwaka 1827 alichapisha kitabu juu ya mambo hayo huko Berlin. Alitumaini kwamba kitampatia kazi ya kufundisha chuo kikuu. Haikuwa hivyo. Wataalamu wengi wa nchi yake hawakupenda kuona umeme ukielezwa kwa hesabu nyingi, wakakidharau. Ohm akaiacha kazi yake ya Cologne, akaishi Berlin kwa kufundisha saa chache tu kwa juma. Mwaka 1833 alipata kazi katika chuo cha ufundi cha Nuremberg. Heshima ilitoka ugenini kwanza: mwaka 1841 chama kikuu cha wanasayansi cha Uingereza, Royal Society, kilimpa nishani. Uprofesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Munich aliupata mwaka 1852. Miaka miwili baadaye, tarehe 6 Julai, 1854, alifariki.

Mwaka 1881 mkutano wa mataifa uliofanyika Paris ulikubali kwamba kipimo cha ukinzani kiitwe omu, kutokana na jina lake. Msukumo hupimwa kwa volti, na mkondo kwa ampea. Ukitaka kupata ukinzani, gawanya volti kwa ampea.

Tazama tochi yenye betri mbili. Kila betri ina volti 1.5, hivyo jumla ni volti 3. Ikiwa mkondo ni ampea 0.3 wakati balbu inapowaka, ukinzani wa balbu ni 3 ÷ 0.3, yaani omu 10. Kwa namba hizo hizo waweza kupata nguvu ya umeme ambayo balbu hutumia. Kanuni hii si ya Ohm, na kipimo chake, wati, kimepewa jina la James Watt, aliyeboresha injini za mvuke. Zidisha volti kwa ampea: 3 × 0.3 ni wati 0.9.

Zoezi: Pasi ya umeme hutumia volti 240, na mkondo wake ni ampea 5. Tafuta ukinzani wake kwa omu, kisha tafuta nguvu yake kwa wati.