Frantz Fanon: Daktari aliyekubali kwamba alikosea

Vijana wengi wanamjua Frantz Fanon kwa vitabu vya ukombozi. Lakini kazi iliyompa riziki ilikuwa kutibu wagonjwa wa akili.

Alizaliwa 1925 kisiwani Martinique, akasomea udaktari Lyon, Ufaransa. Mwaka 1953 akaajiriwa katika hospitali ya Blida-Joinville nchini Algeria, iliyokuwa koloni. Wakati huo, madaktari wakubwa wa Kifaransa mjini Algiers walifundisha kwamba Mwalgeria ni mkali kwa maumbile. Ukishapachikwa jina hilo, nani tena atasikiliza shida yako?

Fanon alisimamia wanawake Wazungu 165 na wanaume Waislamu 220. Alianzisha sherehe, filamu, gazeti na kazi za mikono. Wanawake wakachangamka. Wanaume je? Wapi! Walikaa kimya tu.

Hapo angeweza kuwalaumu. Badala yake alijikagua mwenyewe, akagundua kwamba amewaletea starehe za Kizungu, tena akizungumza nao kupitia mkalimani. Basi akafungua mkahawa wa kienyeji mle hospitalini, akamwita msimulizi wa hadithi, na sikukuu za Kiislamu zikaanza kusherehekewa. Polepole wanaume wale nao wakafunguka.

Mwisho wa 1956 alijiuzulu, akajiunga na wapigania uhuru. Alifariki Marekani 1961 kwa saratani ya damu, akiwa na miaka 36 pekee.

Swali lake bado linatuhusu: mgonjwa asipopata nafuu, ni yeye mgumu, au ni sisi hatujamwelewa?