Siti binti Saad: Mfinyanzi aliyeacha sauti katika santuri

UKIZUNGUMZIA taarabu katika Afrika Mashariki, huwezi kuacha kulitaja jina la Siti binti Saad. Mwanamama huyu alifariki dunia Zanzibar Julai 8, 1950, na wengi wetu tunamfahamu kwa jina tu. Mimi nilikutana na sauti yake sokoni Kigoma nikiwa mwanafunzi mkimbizi, na kwa ujinga wangu nikaiua. Nitaeleza.

Siti alizaliwa katika kijiji cha Fumba, Unguja, mnamo mwaka 1880. Wazazi wake walikuwa watu wa asili ya bara walioonja utumwa; baba Mnyamwezi, mama Mzaramo. Mtoto wao waliyempata wakamwita Mtumwa. Hakusoma shule. Kazi aliyoikuta nyumbani ni ufinyanzi, akawa anabeba vyungu kichwani kwenda kuviuza mjini huku akiita wateja kwa sauti. Inasemekana watu walianza kumjua kwa sauti hiyo kabla ya kumwona.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko mwanamuziki Ali Muhsin alimfundisha kuimba, na kwa kuwa hakujua kusoma, mashairi yote aliyashika kwa kichwa. Hapo ndipo alipopewa jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima, na lile la Mtumwa likafa. Taarabu ya wakati ule ilikuwa ya Kiarabu na ya jumba la Sultani. Siti na wenzake, wakiwemo Mbaruku, Maalim Shaaban, Subeti na Budda, waliiimba kwa Kiswahili, wakubwa na wadogo wakaielewa.

Wala hakuimba mapenzi peke yake. Wimbo wake wa Kijiti unahusu mtu aliyemuua mwanamke mgeni aliyekuja Zanzibar, kisha akakimbilia bara. Mwuaji alipona, na walioishia jela ni wanawake waliokuwa wenyeji wa marehemu. Sisi tuliokulia mipakani tunajua vizuri habari ya mwenye kosa kuvuka upande wa pili na mnyonge kubaki akijibu maswali.

Mwaka 1928 Siti na kikundi chake walipanda meli hadi Bombay, India, kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice, ile yenye nembo ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki aliyekuwa amefanya hivyo kabla yake. Santuri hizo ziliuzwa visiwani na bara. Binti wa vyungu akawa anasikika mahali ambapo hajawahi kukanyaga.

Sasa nirudi Kigoma. Miongoni mwa vyombo chakavu vya muuza mitumba mmoja nilikuta santuri ya Siti, nzito, imejaa vumbi. Niliinunua kwa shilingi 500. Kwa kuwa nilikuwa nimeona mtu akisafisha santuri za plastiki kwa spiriti, nami nikachovya kitambaa nikaanza kufuta. Kitambaa kilitoka cheusi. Nikafurahi kwamba uchafu unatoka, nikaongeza. Kumbe haukuwa uchafu, ilikuwa santuri yenyewe. Ilipowekwa kwenye gramafoni ya mzee mmoja, ilitoa mkwaruzo tu.

Santuri za wakati ule hazikuwa za plastiki. Zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu wa mdudu unaopatikana sana India, ukichanganywa na unga wa mawe. Ni shelaki hiyo hiyo ambayo seremala huiyeyusha kwa spiriti anapong'arisha samani. Kwa hiyo ndugu mfanyabiashara, ukiona santuri nzito, yenye dakika kama tatu kila upande na iliyoandikwa 78, usiiguse kwa spiriti. Tumia maji safi yenye tone moja la sabuni laini na brashi laini, ukifuata mzunguko wa mistari. Karatasi ya katikati isilowe. Suuza haraka, ifute, isimamishe kivulini ikauke.

Unaponunua, iinamishe kwenye mwanga. Mistari ikiwa imepauka kijivu, sindano za chuma zimeshaila. Tazama ukingo kama una ufa, maana huvunjika kama sahani ya udongo. Safarini izungushie kitambaa na uisimamishe. Usiilaze chini ya mzigo. Na usiipige kwa sindano ya santuri za plastiki, kwani ni nyembamba mno kwa mistari yake.

Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti, na kitabu hicho kinaweza kuchapwa tena. Lakini yeye mwenyewe hakuandika hata barua. Alichotuachia kwa kinywa chake kimo katika santuri hizo, na kila moja inayoharibika haifinyangwi tena. Mungu amrehemu.