Karl May: Aliisimulia Nile ya juu kabla ya kukanyaga Afrika

Wanaovuka mpaka wa Vurra, kutoka Arua kwenda Aru nchini Kongo, hupita kwenye mwinuko unaogawa maji: upande mmoja yanateremkia Nile, upande wa pili yanaelekea mto Kongo. Katika karne ya 19, nchi za Nile ya juu zilivamiwa na wafanyabiashara wa watumwa na pembe za ndovu waliotoka Khartoum.

Mwaka 1889, jarida moja la vijana nchini Ujerumani lilianza kuchapa riwaya kuhusu uvamizi huo, Die Sklavenkarawane, yaani Msafara wa Watumwa. Mwaka 1958 riwaya hiyo ikawa filamu. Mwandishi wake, Karl May, alipoiandika hakuwa amewahi kufika Afrika.

May alizaliwa Februari 25, 1842 mjini Ernstthal, Saxony, katika familia maskini ya mfumaji nguo. Walizaliwa watoto 14, na wengi walikufa wakiwa wachanga. Alisomea ualimu, lakini alishtakiwa kwa kuiba saa ya mwenzake, akafungwa na kupoteza kazi. Baadaye aliingia katika wizi na utapeli, akatumikia vifungo viwili virefu, 1865 hadi 1868 na 1870 hadi 1874.

Alipotoka aliishi kwa kalamu. Akiwa na ramani, kamusi na vitabu vya wasafiri mezani, alibuni safari za jangwani na za Marekani, pamoja na Winnetou, chifu wa Waapache. Vitabu vilimtajirisha. Akaanza kuwaambia wasomaji kwamba visa hivyo vilimpata yeye mwenyewe, na akapigwa picha akiwa amevaa mavazi ya mashujaa wake.

Wakati huohuo, Mjerumani mwingine alikuwa Nile kweli. Eduard Schnitzer, aliyejulikana kama Emin Pasha, alikuwa gavana wa Equatoria tangu 1878, na kwa miaka kadhaa makao yake yalikuwa Wadelai, kando ya Nile, katika West Nile ya leo. Aliondoka na Stanley mwaka 1889, mwaka uleule riwaya ya May ilipoanza kutoka.

May alifika Misri mwaka 1899, akiwa na umri wa miaka 57. Aliporudi, magazeti yalifichua vifungo vyake na uongo wa safari zake. Alishinda mahakamani kutetea jina lake hadi alipofariki Radebeul, Machi 30, 1912.

Sifa zake hazikuzikwa naye. Der Schatz im Silbersee, filamu ya 1962 iliyotokana na riwaya yake nyingine, ilivuta umati mkubwa Ujerumani na kuzaa mfululizo mzima. Marekani ya filamu hiyo ilipigwa picha Yugoslavia, na Winnetou aliigizwa na Mfaransa, Pierre Brice.

Katika Msafara wa Watumwa, mashujaa wakuu ni Wajerumani. Waliotekwa wamo, ila hawasimulii. Simulizi ya upande wao inabaki kazi ya waandishi wa Arua, Koboko na Aru, na Kiswahili kinachosikika pande zote mbili za Vurra kinaweza kuibeba.