Kaisari Theodosius: Mtawala Aliyekaa Kati ya Watubuji



Tunapozungumzia toba, wengi wetu humkumbuka Mfalme Daudi, au Petro aliyelia baada ya jogoo kuwika. Leo tumtazame Theodosius, Kaisari wa Roma, mtu ambaye hakuna mahakama duniani iliyoweza kumwita ajibu kosa lake.

Theodosius alizaliwa Hispania yapata mwaka 347, mtoto wa jemadari mashuhuri. Mwaka 379 alifanywa Kaisari wa Mashariki. Mwaka uliofuata aliugua sana akiwa Thesalonike, akabatizwa humo na askofu wa mji huo. Mwaka 381 aliitisha Mtaguso wa Konstantinopoli. Kanuni ya Imani tunayoisali katika Misa ya Dominika inahusishwa na Mtaguso huo pamoja na ule wa Nikea. Alikuwa Mkristo wa dhati, mtetezi wa imani. Hilo halikumzuia kutenda dhambi kubwa.

Mwaka 390, huko Thesalonike, jemadari Butheric alimfunga mwendesha magari ya farasi aliyependwa sana na mashabiki wa mashindano. Watu walidai aachiwe. Butheric alipokataa, ghasia zikazuka na yeye akauawa. Habari zilipomfikia Kaisari aliwaka hasira, akaamuru mji uadhibiwe. Baadaye akajirudi, akatuma ujumbe wa kuitengua amri ile, lakini ukachelewa. Askari waliwavamia watu kwenye uwanja wa michezo, wakawaua wenye hatia na wasio na hatia pamoja. Theodoret, mwanahistoria wa Kanisa aliyeandika miongo kadhaa baadaye, anataja watu 7,000. Damu hiyo ilimwagika katika mji uleule alimobatizwa.

Askofu wa Milano, Mtakatifu Ambrosi, hakupanda mimbarini kumwaibisha. Aliondoka mjini akitaja ugonjwa, akamwandikia barua kwa mkono wake mwenyewe ili isisomwe na mtu mwingine. Alimkumbusha jinsi Daudi alivyoungama mbele ya nabii Nathani. Alimweleza pia kwamba hataweza kutoa Sadaka ya Misa mbele yake kabla hajatubu. Waandishi wa baadaye na wachoraji wamependa kumwonyesha Ambrosi akimzuia Kaisari mlangoni mwa kanisa. Kwetu sisi barua ile ina uzito zaidi: ilisema kweli yote, na bado ilimwachia mkosaji nafasi ya kuja kwa miguu yake.

Naye akaja. Katika zama hizo, aliyetenda dhambi nzito baada ya Ubatizo alifanya toba ya hadharani. Theodosius alivua mavazi ya kifalme, akakaa kanisani kati ya watubuji, akalia mbele ya watu aliowatawala. Angeweza kusema kwamba walioua ni askari, au kwamba ujumbe wake ulichelewa njiani. Kwa kukaa mahali pale alikiri kwamba amri ilitoka kinywani mwake. Noeli ya mwaka huo alirudishwa kwenye Meza ya Bwana. Waandishi wa kale wanaihusisha toba yake na sheria iliyoagiza kwamba hukumu kali za Kaisari zisitekelezwe kabla ya siku 30 kupita. Yaani hasira ipoe kwanza.

Katika falsafa tunajifunza kwamba lililokwisha kutendeka haliwezi kufanywa kana kwamba halikutendeka. Wahenga wetu walisema hivyo kwa njia yao: majuto ni mjukuu. Machozi ya Kaisari hayakumfufua mtu hata mmoja wa Thesalonike, wala toba ya mkosaji haiwalazimishi wafiwa kusahau. Basi toba inabadili nini? Inambadili mtenda dhambi. Majuto yanamrudisha kwenye ukweli, maungamo yanamwondolea visingizio, na malipizi yanaufunga mkono wake usirudie. Msamaha ni wa Mungu. Haununuliwi kwa machozi wala kwa cheo.

Theodosius alifariki Milano tarehe 17 Januari 395. Ambrosi alihubiri katika ibada ya siku ya 40, na kati ya mambo aliyomsifia Kaisari aliyeshinda vita vingi ni ile toba.

Sisi tunaojiandaa kwa upadre tunajifunza kwa Ambrosi kusema kweli bila kumdhalilisha mtu. Na sote wenye mamlaka juu ya wengine, iwe nyumbani, shuleni au kazini, tukumbuke kwamba neno moja la hasira linaweza kumwumiza mtu tusiyemwona. Tukishakosa, tusisubiri tuitwe. Padre yupo kitubioni, na Baba anatungoja.