Franco Basaglia: Daktari aliyeitoa dharura ya akili mikononi mwa polisi

Mtu akivunjika mguu nyumbani, hakuna anayefikiria kuita polisi. Watu hutafuta gari na kumkimbiza hospitali. Lakini kijana akijifungia chumbani siku tatu, halali, hali, anajibizana na sauti ambazo wengine hawazisikii, mara nyingi kinachotafutwa kwanza ni kamba na watu wenye nguvu. Nani aitwe saa hiyo, na afike na nini mkononi? Swali hilo ndilo lililotawala maisha ya daktari wa Italia, Franco Basaglia, ambaye wiki hii tunaeleza habari zake.

Basaglia alizaliwa Venice, Machi 11, 1924. Alisoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Padua. Akiwa bado mwanafunzi, wakati wa Vita Kuu ya Pili, alikamatwa kwa kupinga utawala wa kifashisti na akakaa jela miezi kadhaa. Alihitimu mwaka 1949, akabaki chuoni kwa zaidi ya miaka kumi akijifunza na kufundisha magonjwa ya akili. Mke wake, Franca Ongaro, alikuwa mwandishi, na kazi nyingi za Basaglia waliziandika pamoja.

Mwaka 1961 alipewa kuongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Gorizia, mji mdogo mpakani mwa Italia na Yugoslavia ya wakati huo. Alichokikuta huko kilimkumbusha jela. Milango ilifungwa kwa funguo, madirisha yalikuwa na nondo, na wagonjwa walifungwa kwenye vitanda. Kila asubuhi mkurugenzi aliletewa daftari la waliofungwa ili atie saini. Basaglia alikataa kusaini.

Ili kuelewa wagonjwa wale walifikaje pale, lazima tuijue sheria ya wakati ule. Sheria ya Italia ya mwaka 1904 iliruhusu mtu afungiwe hospitalini kama ameonekana hatari kwake mwenyewe au kwa wengine, au kama anatia aibu hadharani. Penye dharura, mamlaka ya polisi iliweza kuamuru apelekwe kwa cheti cha daktari, na mahakama ikaja kuamua baadaye. Aliyebakizwa humo kwa uamuzi wa mahakama alipoteza haki zake za kiraia, na hadi mwaka 1968 jina lake liliandikwa pia katika kumbukumbu za makosa ya jinai. Yaani mtu aliugua, akaishia kuandikwa kama mhalifu. Haishangazi kwamba familia nyingi zilificha wagonjwa wao hadi hali ikawa mbaya kabisa.

Gorizia, Basaglia na wenzake walifungua milango wodi moja baada ya nyingine. Waliacha kuwafunga wagonjwa, wakaanzisha mikutano ambayo mgonjwa, muuguzi na daktari walizungumza wakiwa sawa. Wagonjwa waliruhusiwa kwenda kusalimia nyumbani. Mwaka 1968 likatokea jambo zito: mgonjwa mmoja aliyepewa ruhusa ya kutoka alimuua mke wake. Basaglia alishtakiwa, na baadaye mahakama ikamwachia huru. Hata hivyo tukio hilo halikuwa dogo. Lilionyesha kwamba kufungua mlango peke yake hakutoshi. Mgonjwa akirudi nyumbani, lazima awepo mtu wa afya anayemfuatilia, na familia iwe na pa kukimbilia mambo yanapoharibika.

Hilo ndilo alilolijenga Trieste, mji wa bandari alikokwenda kuongoza hospitali ya San Giovanni mwaka 1971. Ilikuwa na wagonjwa karibu 1,200, wengi wao wakiwa wamelazwa kwa lazima. Wagonjwa waliokuwa wakisafisha wodi bila malipo aliwasaidia kuunda chama cha ushirika, wakaanza kulipwa mshahara kama wafanyakazi wengine. Mwaka 1973 wagonjwa, wauguzi na wasanii walitengeneza farasi mkubwa wa rangi ya buluu, wakampa jina la Marco Cavallo, wakatoka naye hadi mitaani. Watu wa mji waliwaona majirani zao waliokuwa wamefichwa miaka mingi.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa ya kimya. Kuanzia mwaka 1975 Basaglia alianza kufungua vituo vya afya ya akili mitaani. Vituo hivyo vilikuja kufanya kazi saa 24, siku zote za wiki, kila kimoja na vitanda vichache visivyofika kumi. Kila kituo kilikuwa na eneo lake, na wauguzi na madaktari wake waliwajua wagonjwa wa eneo hilo kwa majina, na nyumba zao pia. Familia ikitoa taarifa kwamba mtu wao hali si nzuri, wahudumu wa kituo waliweza kwenda nyumbani kwake kuzungumza naye. Aliyehitaji kupumzika nje ya nyumba alipewa kitanda kituoni, karibu na kwao.

Kwa dharura za usiku, mwaka 1977 ilianzishwa huduma ya magonjwa ya akili ndani ya hospitali kuu ya mji. Mgonjwa aliyefikishwa huko, hata kama ameletwa na polisi, alipokelewa na mtu wa afya ya akili. Kisha kituo cha eneo lake kilijulishwa ili kimchukue na kuendelea naye. Kwa njia hiyo mgonjwa hakuachwa njiani kati ya waliompokea usiku na wale wanaomtibu kila siku. Januari mwaka huohuo Basaglia alitangaza kwamba hospitali ya San Giovanni itafungwa.

Mei 13, 1978, Bunge la Italia lilipitisha Sheria Namba 180, ambayo wengi huiita Sheria ya Basaglia. Ilikataza kulaza wagonjwa wapya katika hospitali zile za zamani. Kulazwa kwa lazima kukawa suala la afya. Daktari mmoja anapendekeza, daktari wa pili wa huduma ya umma anathibitisha, na meya anatoa amri kama msimamizi wa afya wa mji. Ndani ya saa 48 hakimu lazima ajulishwe, ili aseme kama amri hiyo ni halali. Muda wake ni siku saba, na ukiongezwa lazima sababu zitolewe. Mgonjwa au mtu yeyote anaweza kuipinga.

Basaglia hakuishi kuyaona matunda yote. Alikufa Venice Agosti 29, 1980, kwa uvimbe wa ubongo, akiwa na umri wa miaka 56. Hospitali za zamani zilichukua hadi mwishoni mwa miaka ya 1990 kufungwa. Trieste ilisifiwa duniani, lakini kuna mikoa iliyochelewa kujenga vituo, na huko mzigo uliwaangukia wazazi. Waliachiwa mgonjwa bila muuguzi wa kubisha hodi. Walilalamika, na walikuwa na haki.

Mzazi au ndugu mwenye mgonjwa anaweza kujifunza nini hapa? Kwanza, dharura hupangwa kabla haijatokea. Mgonjwa akiwa ametulia, kaeni naye muulizane: ukizidiwa, nani akusogelee, nani asikusogelee, na twende hospitali gani? Andikeni jina la kliniki, dawa anazotumia na namba ya simu ya mhudumu anayemjua.

Pili, hali ikibadilika, azungumze mtu mmoja tu, kwa sauti ya chini. Usibishane naye kuhusu anachokisikia, wala usimcheke. Ondoa visu, dawa na sumu ya wadudu mahali anapofikia. Akitaja kujiua, usimwache peke yake, na tafuteni msaada wa hospitali saa hiyohiyo.

Tatu, unapopiga simu ya msaada, anza kwa kusema kwamba huyu ni mgonjwa. Taja ugonjwa wake, dawa zake, kama ameshika silaha au la, na kama kuna watoto ndani. Pakiwa na silaha huenda polisi wakahitajika kulinda watu. Hata hapo, omba mhudumu wa afya awepo, na anayekwenda kumpokea awe mtu anayemfahamu.

Nne, msiishie pale anapotulia. Kabla hamjaondoka hospitalini, ulizeni atamwona nani, lini na wapi. Kisha mjulisheni mhudumu wa kliniki yake yaliyotokea. Hata Trieste, kazi haikuisha usiku ule simu ilipopigwa. Asubuhi palikuwa na mtu wa kituo anayejua kwamba huyu ni mgonjwa wake, na nyumba yake anaifahamu.