Jinsi Benjamin Franklin Alivyojifundisha

Benjamin Franklin alizaliwa mwaka wa 1706 katika mji wa Boston, huko Marekani, wakati nchi ile ilipokuwa bado chini ya utawala wa Uingereza. Baba yake alikuwa fundi wa mishumaa na sabuni, naye alikuwa na watoto 17. Katika wana wa kiume, Benjamin alikuwa mdogo wao wote.

Alipokuwa na umri wa miaka 8 alipelekwa shuleni. Kuandika alikujua upesi, walakini hesabu zilimshinda kabisa. Alipotimiza miaka 10 baba yake akamwondoa, amsaidie kukata tambi na kumimina shahamu katika kalibu za mishumaa. Hivyo akaiacha shule bila kujua hesabu.

Alipokuwa na miaka 12 akawekwa kuwa mwanagenzi kwa ndugu yake mkubwa, mpiga chapa. Huko akafanya urafiki na vijana waliowatumikia wauza vitabu. Pengine walimwazima kitabu jioni, naye akakesha akisoma, apate kukirudisha asubuhi na mapema kabla hakijatafutwa.

Siku moja baba yake aliziona barua alizokuwa akiandikiana na rafiki yake. Akamwonyesha ya kuwa tahajia yake ni njema, walakini maneno yake hayana mpango wala uzuri. Benjamin hakukasirika. Aliona ni kweli, akaazimu kujitengeneza.

Basi akanunua kitabu cha insha zilizoandikwa na watu hodari, akafanya hivi. Kwanza aliisoma insha moja, akaandika katika karatasi maneno machache ya kumkumbusha maana ya kila sentensi. Kisha akakifunga kitabu, akaiweka ile karatasi kwa siku chache. Siku hizo zilipopita, akajaribu kuiandika insha nzima kwa maneno yake mwenyewe, pasipo kukitazama kitabu. Ndipo akakifungua, akalinganisha, na kila kosa aliloliona akalisahihisha. Pengine aliyachanganya makusudi yale maneno ya kumkumbusha, na baada ya majuma kadha akajaribu kuyapanga tena, ili ajue jinsi mawazo yanavyofuatana. Wakati wake wa kufanya haya ulikuwa usiku baada ya kazi, au asubuhi kabla ya kazi, au siku ya Jumapili.

Alipokuwa na umri wa miaka 16 hivi alipatana na ndugu yake ampe nusu ya fedha ya chakula chake, ajilishe mwenyewe. Akaacha kula nyama, akaweka akiba, akanunua vitabu. Wenziwe walipokwenda kula, yeye alibaki peke yake kazini na kipande cha mkate, zabibu kavu kidogo na maji. Na muda uliosalia akasoma. Wakati huo ujinga wake wa hesabu ulimtahayarisha. Akatwaa kitabu cha hesabu, akakipitia chote peke yake, wala hakuona ugumu. Na hesabu ndizo zilizomshinda mara mbili shuleni.

Hata alipokuwa mtu mzima katika mji wa Philadelphia hakuacha kujifunza. Mwaka wa 1733 alianza lugha za kigeni. Rafiki yake mmoja, aliyekuwa akijifunza Kiitalia vilevile, alimvuta mara nyingi kucheza sataranji, na mchezo ukala wakati wa masomo. Basi Franklin akakataa kucheza ila kwa sharti hili: mshindi ampe mwenziwe kazi, kuhifadhi sehemu ya sarufi au kufasiri maneno, naye aimalize kabla hawajakutana tena. Kwa kuwa nguvu zao katika mchezo zilikuwa karibu sawa, kila mmoja alimfundisha mwenziwe kwa kumshinda.

Mtu huyu akawa mtaalamu mkuu wa mambo ya umeme, na mwaka wa 1776 alikuwa mmoja wao waliotia sahihi hati ya uhuru wa nchi yake. Alikufa mwaka wa 1790, mwenye umri wa miaka 84.

Nanyi wanafunzi, mtihani unapokaribia, msidhani ya kuwa kulitazama somo mara nyingi ndiko kulijua. Kitabu kilicho wazi humfanya msomaji ajione hodari. Kifungeni, mwandike mnayoyakumbuka, kisha mkifungue mkaone mliyoyasahau. Hayo mliyoyasahau ndiyo kazi yenu ya kesho.