Mwana Lesa: mhubiri aliyegeuza ubatizo kuwa hukumu ya kifo

Katika miezi michache ya mwaka 1925, watu karibu 200 waliuawa kwenye mito na mabwawa ya Rhodesia ya Kaskazini, inchi inayoitwa leo Zambia, na ya kusini mwa Katanga. Wengi walikufa upande wa Kongo. Hawakuuawa na askari wala na wanyang'anyi wa njiani. Walikwenda mtoni kwa miguu yao wenyewe, pamoja na majirani na watoto wao, wakijua wanakwenda kubatizwa. Mwenye kuwabatiza aliitwa Tomo Nyirenda, lakini watu walimjua zaidi kwa jina la Mwana Lesa, ni kusema Mwana wa Mungu. Lesa, au Leza, ni jina la Mungu kwa makabila mengi kuanzia pande za ziwa Tanganyika mpaka Katanga ya kusini.

Miaka 100 imepita, na bado kisa chake kinazungumzwa. Sababu ni moja: mambo yaliyofanya watu wamkubali hayajaisha kwetu.

Mtoto wa shule ya misioni

Tomo Nyirenda alitoka Nyasaland, leo Malawi, upande wa kaskazini. Alisoma kwenye shule za misioni ya Livingstonia, iliyoendeshwa na Wapresbiteri kutoka Scotland. Hao walikuwa watu wa dini kali: hakuna pombe, hakuna ngoma, hakuna kuoa wanawake wawili. Na ubatizo kwao haukupatikana bure. Mtu alifundishwa miaka mingi, aliulizwa maswali, alichunguzwa mwenendo, na wengi walirudishwa nyumbani. Shule nayo ilikuwa ya kulipa.

Ndiyo maana mwaka 1908, wakati Elliot Kamwana aliporudi kutoka Afrika Kusini na mafundisho ya Watch Tower, watu walimkimbilia. Kamwana alibatiza mara moja, bila karo na bila mtihani. Kwa miezi michache tu alibatiza watu karibu 10.000. Alifundisha kwamba mwaka 1914 dunia ya Wazungu itafika mwisho na kodi itakwisha. Serikali ya Waingereza ilimkamata mwaka 1909 ikamfukuza, lakini mbegu ilikuwa imekwisha kupandwa. Vijana wa Nyasaland wenye kutafuta kazi waliibeba mpaka Rhodesia na Katanga. Shirika lenyewe la Watch Tower huko Marekani halikuwatambua wahubiri hao.

Nyirenda alikuwa mmoja wa vijana hao. Alifika Rhodesia ya Kaskazini kutafuta maisha kama wenzake. Mwanzoni mwa mwaka 1925 alipokea mafundisho ya Watch Tower, kisha akaanza kuhubiri mwenyewe. Habari yake ilikuwa ya kufurahisha: watu wapendane, wasigombane, wapokee wageni vizuri, wazamishwe majini. Alisema Waamerika weusi watakuja kuwaondoa Wazungu, na mali itagawanywa kwa waliobatizwa. Kwa watu waliochoka na kodi na kazi ya nguvu, maneno kama hayo yalikuwa tamu.

Kijiji kilichochoka

Kwa kuelewa yaliyofuata, lazima kutazama hali ya vijiji vya Balala wakati ule. Balala ni kabila lenye kukaa pande zote mbili za mpaka, Rhodesia na Kongo, kwa sababu mpaka ulichorwa na Wazungu juu ya karatasi.

Vita ya 1914-1918 ilikuwa imewachukua wanaume kwa maelfu kubeba mizigo ya jeshi, na wengi hawakurudi. Mwaka 1918 homa kubwa ya dunia nzima ilipita na kuua tena. Kodi ya nyumba ililazimisha vijana kwenda kwenye migodi ya shaba ya Katanga. Nyumbani walibaki wazee, wanawake na watoto. Kijana akirudi na nguo na pesa, jirani alimtazama kwa jicho baya. Mzee akimwomba kitu na kukosa, kijana alianza kuogopa. Wenye kuishi karibu na machimbo ya dhahabu ya Misisi wanajua vizuri wivu wa namna hiyo.

Juu ya hayo palikuwa na jambo la sheria. Zamani, mtu akifa kwa ajabu, watu walikwenda kwa shefu. Mtuhumiwa alinyweshwa mwavi, dawa ya sumu: akitapika ni mwema, akifa ni mchawi. Hapana shaka ilikuwa njia mbaya, iliua watu wengi wasio na kosa. Waingereza waliipiga marufuku, na sheria yao ya mwaka 1914 ilimwadhibu hata mtu aliyemwita mwenzake mchawi. Upande wa Kongo, Bula Matari naye hakuruhusu mwavi.

Serikali iliondoa mwavi lakini haikuondoa hofu. Watu waliona watoto wanakufa kama zamani, tena sasa hakuna pa kupeleka neno. Wengi waliamini serikali inawalinda wachawi. Wamisionari nao walisema uchawi ni upuuzi, basi wakaonekana hawajui shida ya watu. Pakabaki nafasi tupu, na Nyirenda akaingia humo.

Shefu na mhubiri

Shefu Shaiwila wa Balala alikuwa na matatizo yake. Chini ya Wazungu, uwezo wake ulikuwa umepungua: hakuweza tena kuhukumu mambo makubwa, na watu wake hawakumheshimu wote. Aliposikia habari za mhubiri mpya, alimwita. Mhubiri alihitaji mlinzi, na shefu alihitaji mtu wa kumrudishia nguvu.

Katikati ya mwaka 1925 ubatizo mkubwa ulianza kwenye eneo la Shaiwila, na hapo ulibadilika sura. Mpaka pale, kuzamishwa kulikuwa kusafishwa. Sasa kukawa kupimwa. Mtu aliyezama mzima alihesabiwa kuwa kondoo wa Mungu. Mtu ambaye mwili wake ulibaki juu, au sehemu yake moja haikufunikwa na maji, aliitwa mchawi. Alitengwa, halafu akauawa, mara nyingi kwa kuzamishwa majini palepale.

Kipimo hiki hakikuweza kusema ukweli wowote. Mtu aliyevuta pumzi huelea, kwa sababu mapafu yake yamejaa hewa. Nguo kavu huingiza hewa na kumnyanyua. Mtu mwenye woga hujikaza na kupigania kichwa chake kisizame. Tena mahali pa maji mafupi hakuna anayefunikwa vizuri. Zaidi ya yote, mkono wa mbatizaji ndio ulioamua nani azame na nani asizame. Wanahistoria waliofuatilia kesi hii wameonyesha kwamba Shaiwila alikuwa na watu aliotaka waondolewe. Wengine walioangukiwa walikuwa wazee, na wengine ni wale wenye walikuwa na ugomvi kijijini tangu zamani.

Hata hivyo, haitoshi kumlaumu shefu na mhubiri peke yao. Watu walikuja wengi na kwa hiari. Walibeba chakula, waliimba. Kila mmoja aliamini mchawi ni mwingine, na yeye atatoka majini akiwa safi. Aliyetoka salama alikuwa na sababu ya kuamini kwamba kipimo ni cha haki, kwa maana kilimtangaza yeye kuwa mwema. Kama angesema jirani yake ameuawa bure, angekuwa anaharibu pia ushahidi wa wema wake mwenyewe. Ndivyo umati ulivyonyamaza.

Kuvuka kuingia Katanga

Upande wa Rhodesia, watu karibu 20 waliuawa. Kisha Nyirenda alivuka mpaka. Katanga ya wakati ule ilikuwa imejaa watu wa kazi kutoka kila upande, na vijiji vya mpakani vilikuwa mbali na macho ya watawala Wabeleji. Sifa zake zilikuwa zimemtangulia, na vijiji vilimpokea kama mkombozi. Huko, kwa muda wa wiki chache, waliuawa watu zaidi ya 170.

Habari zilipofikia serikali, Wabeleji walituma askari wamtafute. Alirudi akikimbia Rhodesia ya Kaskazini, na huko Waingereza walimkamata kabla mwaka 1925 haujaisha. Alihukumiwa pamoja na Shaiwila na wengine. Mwaka 1926 Tomo Nyirenda alinyongwa, na Shaiwila naye alinyongwa. Kazi yote ya Mwana Lesa, tangu mahubiri ya kwanza mpaka kukamatwa, haikumaliza hata mwaka mmoja.

Salem, miaka 233 mbele yake

Wapo wanaosema mambo haya ni ya Afrika tu. Historia inakataa. Mwaka 1692, kwenye koloni la Waingereza la Massachusetts, Marekani, kijiji cha Salem kilishikwa na hofu ileile. Wakaaji wake walikuwa Wapuritani, Wakristo wa dini kali waliovuka bahari kutafuta mahali pa kuishi kwa usafi mbele ya Mungu. Wasichana wachache nyumbani kwa mchungaji Samuel Parris na kwa majirani walianza kuanguka na kupiga kelele, wakataja majina ya watu wanaowatesa. Watu zaidi ya 150 walishtakiwa. Watu 19 walinyongwa, 14 wakiwa wanawake. Mzee mmoja, Giles Corey, alikufa akigandamizwa kwa mawe kwa sababu alikataa kujibu mashtaka, na wengine walikufa gerezani.

Sababu za kule zinafanana sana na za huku. Palikuwa na vita mpakani, na wakimbizi walikuwa wamefika wakiwa na hofu. Ugonjwa wa ndui ulikuwa umepita. Familia za kijiji ziligombania mashamba na mshahara wa mchungaji. Koloni lilikuwa limepoteza hati yake ya utawala, na watu hawakujua nani mwenye mamlaka ya kweli. Halafu mahakama ilikubali ushahidi usioweza kupimwa: msichana akisema ameona kivuli cha mtu kinamtesa, basi ilitosha. Aliyekiri uchawi aliachwa hai, aliyekataa alinyongwa.

Salem iliponywa na jambo moja la wazi. Mwezi wa 10 mwaka 1692, gavana William Phips aliivunja mahakama ile. Ile iliyowekwa nyuma yake haikukubali tena ushahidi wa vivuli, na karibu wote waliobaki wakaachiliwa. Wachawi hawakuwa wamekwisha ghafula Salem. Kilichobadilika ni swali la hakimu: alianza kuuliza ushahidi. Mwaka 1697 hakimu mmoja, Samuel Sewall, alisimama kanisani mbele ya watu wote akakubali kosa lake. Kwa Balala hakuna aliyesimama hivyo.

Yaliyobaki nyuma yake

Kifo cha Nyirenda hakikumaliza mafundisho ya Watch Tower. Upande wa Kongo yaliendelea kwa jina la Kitawala. Mwaka 1944 wafuasi wa Kitawala, wakiongozwa na Bushiri Lungundu, waliinuka dhidi ya Wabeleji sehemu za Lubutu na Masisi. Walidai uhuru na mwisho wa kazi za kulazimishwa. Haifai kuchanganya mambo: Wanakitawala wengi hawakumtafuta mchawi yeyote. Lakini watawala walipenda kukumbusha jina la Mwana Lesa kila walipotaka kufunga watu wenye kupinga ukoloni. Hilo nalo ni deni aliloacha.

Na kwetu leo? Katika Kivu Kusini, mwaka 2021, wanawake kadhaa, wengi wao wazee, walichomwa au kupigwa mpaka kufa baada ya kutuhumiwa uchawi. Mara nyingi wenye kuwataja walikuwa wale wanaojiita wenye maono. Vita haijaisha, wanaume wako machimboni, watoto wanakufa kwa malaria na kipindupindu, polisi wako mbali, na mahakama ni ya mwenye pesa. Nafasi tupu ni ileile ya mwaka 1925. Akifika mtu na kusema anajua nani ameua mtoto wako, ni vigumu kumfukuza.

Sheria ya Kongo iko wazi kwa upande wa watoto. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka 2009 inamwadhibu mwenye kufanya hivyo. Kwa mtu mzima, kumpiga au kumuua ni kosa la jinai kama kosa lingine lolote, hata kama kijiji kizima kimekubaliana.

Kila mtu ana imani yake juu ya uchawi, na hakuna wa kumlazimisha kuiacha. Lakini kisa cha Mwana Lesa kinaonyesha wapi hatari inaanzia: siku ile ambapo mtu mmoja anapewa uwezo wa kumpima mwenzake kwa kipimo ambacho hakuna mwingine anayeweza kukihakikisha, na kiongozi wa kijiji anakubali kwa sababu kinamfaa. Shefu mwenye kukataa siku hiyo ya kwanza, mchungaji mwenye kufunga mlango wa chumba cha sala kwa nabii wa namna hiyo, jirani mwenye kumficha mama mzee mpaka usiku upite na kumpeleka kwa polisi asubuhi, hao ndio wanaozuia mauaji kabla hayajaanza. Mtu akishafikishwa mtoni mbele ya umati, ni shida kubwa kumrudisha.